Ngano Siku ya Malaika Mkuu

Kwik, kwik, kwik. Kimya kidogo. Kisha tena, kwik, kwik.

Nevena alifumbua macho gizani akasikiliza. Kwanza alidhani ni bawaba za mlango wa jirani. Kisha akatambua: ilikuwa mashine ya kusagia, ile ya chuma inayozungushwa kwa mkono. Bibi wa ghorofa ya chini alimwazima siku alipohamia mjini Užice, na kila alipotaka kuirudisha bibi yule alisema, kaa nayo, mimi meno yenyewe sina. Sasa mtu alikuwa akiizungusha jikoni kabla hata jogoo wa mtaa hajawika.

Aliteremka kitandani, akatembea pekupeku.

Lenka alikuwa amesimama juu ya kigoda, ndani ya nguo zake za kulalia, ameng'ang'ania mpini kwa mikono miwili. Mtoto wa miaka saba, nywele zimemwangukia usoni. Mbele yake kulikuwa na bakuli la ngano iliyochemshwa, ile ambayo Nevena aliileta jana kutoka kwenye duka la keki alikofanya kazi, ili waile na krimu. Pembeni kulikuwa na kokwa za jozi na bakuli la sukari.

"Lenka, mwanangu, unafanya nini saa hizi?"

"Mama, umeamka mapema. Nilitaka nimalize kwanza."

"Umalize nini?"

"Ngano ya baba." Aliendelea kuzungusha. "Leo si siku ya malaika wetu? Wiki iliyopita kwa kina Ruža wa darasani kwetu waliweka ngano mezani. Kila mgeni akiingia anapiga ishara ya msalaba, anakula kijiko kimoja. Sasa baba nani atamtengenezea? Wewe hupo kwake tena. Bibi mikono inamuuma."

Nevena alishika mlango. Kuna maneno mtoto huyasema bila kujua yanapiga wapi.

Alijua jambo moja ambalo Lenka hakulijua. Katika nyumba ya Relja, baba yake Lenka, ngano haiwekwi mezani siku hii. Ngano ni ya marehemu, na Malaika Mkuu Mikaeli, msimamizi wa ukoo wao, yu hai, hajawahi kufa. Padri aliwakanya kila mwaka kwamba hayo ni makosa, kwamba ngano ni sadaka kwa Mungu. Kila mwaka mama mkwe wake Stamena aliitikia kwa kichwa kwa adabu, akamkaribisha padri kahawa, kisha akafanya vilevile kama alivyofundishwa na mkwewe. Nevena aliishi humo miaka minane. Alikanda mkate wa sikukuu, akaviringisha nyama kwenye majani ya kabichi chachu, akawapokea wageni. Ngano hakuchemsha hata mara moja.

Angemwambiaje sasa? Alimtazama mtoto, akaona unga wa jozi umemganda kidevuni. Akasogea, akaweka mkono wake juu ya mikono ile midogo, wakazungusha pamoja.

"Polepole," alisema. "Jozi ikisagwa kwa haraka inatoa mafuta."

Jumapili Relja alikuwa amepiga simu. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyejifungia chumbani.

"Nevena, Alhamisi ni siku ya Malaika. Nipe mtoto siku hiyo moja."

"Si siku yako, Relja. Ratiba ya mahakama inasema Jumamosi."

"Malaika hajui ratiba."

"Wakili wangu amenikataza."

Relja alikata simu taratibu. Nevena alitamani angeibamiza. Mtu akibamiza simu unapata nafasi ya kukasirika.

Na wakili alikuwa na sababu. Alikuwa mama mmoja mkali mwenye roho nzuri, aliyempa Nevena leso yake mwenyewe siku ya kwanza. Wiki ijayo hakimu angetamka mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba Nevena na Relja si mke na mume tena, na kwamba Lenka atalelewa na nani. "Mpaka siku hiyo usimpe hata saa moja nje ya ratiba," wakili alisema. "Mtoto akiingia kwenye nyumba ile, wakamweka, hakimu atamkuta kwao, na kumtoa itakuwa kazi. Nimeona wengi wakilia hapa. Usiwe mmoja wao."

Lenka alilamba kijiko. "Tutampelekea Jumamosi?"

"Jumamosi sikukuu itakuwa imepita, mwanangu."

"Kwani leo hatukualikwa?"

"Siku hii haalikwi mtu. Anayekuja anakuja tu. Mwenye nyumba hamfukuzi mtu."

Alipokwisha kusema hivyo akayasikia maneno yake mwenyewe. Nje kulikuwa kumeanza kupauka. Mtoto alimtazama bila kuomba chochote, na huko kutoomba ndiko kulikomshinda Nevena.

"Kavae sweta nyekundu," alisema. "Na soksi nene. Kwa bibi kuna baridi."

*

Nyumba ya kina Relja ilikuwa juu ya mashamba ya rasberi, yale matunda madogo mekundu, nje kidogo ya mji wa Arilje. Novemba mashamba yalikuwa fimbo tupu zilizofungwa kwenye nyaya, na ukungu ulikuwa umekaa kati ya mistari. Moshi ulitoka kwenye bomba. Lango lilikuwa wazi, magari yamejaa uani, na harufu ya nyama ya kuchoma iliwalaki njiani.

Relja alikuwa amesimama mlangoni. Siku ya malaika msimamizi wa nyumba, mwenye nyumba haketi. Anasimama kutwa nzima, anamimina, anakaribisha, anaaga. Alikuwa na shati jeupe. Nevena aliona mara moja kwamba alilipiga pasi mwenyewe, kwa sababu ukosi ulikuwa umepinda upande wa kushoto. Mkono wake ulitaka kwenda kuunyoosha. Akauficha mfukoni.

Lenka alimkimbilia baba yake, akapotea kifuani mwake. Relja alifumba macho. Alipoyafumbua alimwona Nevena amesimama chini ya ngazi, mfuko mkononi, kama mtu asiyejua kama aendelee au arudi.

"Heri ya sikukuu, mwenye nyumba," Nevena alisema. Ndivyo mgeni anavyosema.

"Asante, mgeni. Karibu." Ndivyo mwenye nyumba anavyojibu.

Na mwenye nyumba humbusu kila mgeni mara tatu. Hakuna aliyewahi kuuliza kama ni lazima. Relja aliinama. Shavu la kulia, shavu la kushoto. Alinukia sabuni na moshi wa nta, harufu ambayo Nevena alikuwa akiitafuta kwenye mto wake tangu kiangazi. Mara ya tatu alikawia kidogo tu, kiasi ambacho hakuna mtu mwingine angeona.

"Umekonda," alinong'ona.

"Na wewe hujui kupiga pasi," akamjibu, akapita.

Ndani meza zilikuwa zimeunganishwa mpaka dirishani. Mshumaa mrefu wa nta ulikuwa unawaka katikati, karibu na mkate uliokwisha kukatwa na padri asubuhi. Wajomba, binamu, majirani, wote waliinua macho kwa pamoja, kisha wote wakayashusha kwenye sahani. Vidosava, dada mkubwa wa Relja, alisimama na sinia la kabichi mikononi.

"Ala, mgeni wetu wa heshima," alisema. "Mimi nilidhani siku hizi huku kwetu unakuja na karani wa mahakama tu."

"Leo nimekuja na mtoto, wifi."

"Wifi? Wifi yako nani? Uwifi uliuacha hapo kwenye msumari siku ulipochukua masanduku."

"Basi nitauacha uning'inie," Nevena alisema, "sikuja kuuchukua." Binamu mmoja alicheka kwenye leso yake, akajifanya anakohoa.

Stamena alikuwa jikoni. Alipomsikia Lenka alitoka akiburuza viatu vyake vya ndani, akambusu mjukuu kichwani, kisha akamshika Nevena kiwiko, akamkalisha karibu na jiko, mahali penye joto. Akamletea supu kabla hajaomba. Nevena alikunywa ameinamisha kichwa, kwa sababu supu ile ilikuwa na bizari nyingi kama alivyoipenda yeye, na Stamena mwenyewe bizari haikumpendeza.

Hakuona mtoto akifungua mfuko.

Alipogeuka, Lenka alikuwa ameshaufikia mshumaa. Aliweka bakuli la ngano kando ya mkate. Alikuwa ameisawazisha kwa kijiko, akanyunyiza sukari juu yake, na katikati akachora msalaba kwa nusu za kokwa za jozi. Msalaba ulikuwa umeinama kidogo kwa sababu ya safari.

Mzee Ratomir, jirani wa zamani aliyehamia mjini, alishusha mezani taratibu glasi yake ya rakia, pombe kali ya matunda.

"Nini hiki?" Vidosava aliuliza.

"Ngano," Lenka alisema. "Nimesaga mimi. Mama alinisaidia mwishoni tu."

"Ngano. Katika nyumba hii. Leo." Vidosava alimgeukia Nevena. "Umemfundisha nini mtoto huyu? Unatuletea msiba mezani siku ya Malaika? Si ungetuletea jeneza kabisa."

Kidevu cha Lenka kilianza kutetemeka. "Mama, nimekosea?"

Nevena alisimama. Lakini kabla hajafika, Stamena alikuwa ameshamsogelea mjukuu, akifuta mikono yake iliyopinda kwa aproni.

"Kijiko kiko wapi?" aliuliza.

"Mama," Vidosava alisema.

"Nimeuliza kijiko."

Lenka alimpa. Stamena alipiga ishara ya msalaba, akachota, akala. Alitafuna polepole, chumba kizima kikimtazama.

"Tamu," alisema. "Jozi umezisaga mara mbili?"

"Mara mbili, bibi. Ya kwanza ilitoka vipande vikubwa."

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Mama, ngano ni ya marehemu," Vidosava alisema kwa sauti ya chini sasa. "Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha."

"Najua ni ya nani. Nimeipika ya baba yako, nimeipika ya mama yangu. Sihitaji kukumbushwa." Stamena alimtazama mwanawe, kisha akamtazama Nevena. Hapakuwa na hasira usoni mwake, uchovu tu. "Humu ndani kuna kitu kilikufa mwaka huu, na hakuna aliyekililia. Tulikimbilia mawakili. Watu wazima wote sisi, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuchemsha ngano. Relja, njoo ule."

Relja alikuwa amesimama na chupa mkononi. Aliiweka chini. Akaja, akapiga ishara ya msalaba, akachukua kijiko kutoka mkononi mwa mama yake, akala. Kisha akageuka akampa Nevena kijiko kilekile.

Nevena alikula. Ilikuwa tamu kweli, na sukari ilikuwa imezidi kidogo, kama mtoto anavyotia sukari. Machozi yake yalidondoka, na hakuyafuta. Mzee Ratomir alisimama akavua kofia. Baada yake wakasimama wengine, mmoja mmoja, na bakuli likazunguka meza nzima. Wa mwisho alikuwa Vidosava. Alikula kijiko kidogo sana, ameelekea dirishani.

*

Baada ya chakula Lenka alisinzia kwenye kitanda cha bibi, amechoshwa na kuamka mapema. Nevena alitoka kwenda kuchukua koti lake ukumbini, akiwaza basi la jioni, na hapo ndipo alipoisikia sauti ya Vidosava nyuma ya mlango wa stoo.

"Sikiliza, Relja. Mtoto yuko ndani ya nyumba yake, amelala kitandani kwa bibi yake, ukoo wote mashahidi. Mama yake kamleta kwa miguu yake mwenyewe. Mwache hapa. Nani atamtoa? Wiki ijayo unamwambia hakimu, mtoto yuko kwetu, ana furaha, anakula. Nafasi kama hii huipati tena."

Nevena alingoja jibu. Hakuna jibu lililotoka. Alingoja tena. Akaachia koti, akatoka nje kwa mlango wa nyuma, mpaka kwenye banda la makreti ya rasberi. Alishikilia rundo la makreti yenye madoa mekundu ya kiangazi akajaribu kupumua. Wakili alimwambia. Alimwambia waziwazi, na yeye akamvalisha mtoto sweta nyekundu akamleta.

Alisikia hatua. Koti likawekwa mabegani mwake.

"Utashikwa na baridi," Relja alisema.

"Nimemsikia Vidosava."

"Najua. Mlango wa nyuma unalia."

"Hukumjibu."

"Sikumjibu kwa sababu nilikuwa nafikiria."

"Unafikiria kuninyang'anya mtoto."

"Ndiyo," Relja alisema. "Kwa muda wote uliochukua kufika hapa, nilikuwa nafikiria hivyo. Sitakudanganya tena, Nevena. Nimeshachoka kukudanganya."

Nevena aligeuka akamtazama. Relja alikuwa na usingizi machoni, usingizi wa dereva, wa barabara ya kwenda Austria na kurudi na lori. Barabara ile ndiyo iliyomleta mwanamke mmoja wa mji wa huko, Linz, na mwanamke yule alipokwisha kuondoka maishani mwa Relja, Nevena ndiye aliyebaki naye, kila usiku, katikati ya kitanda.

"Karatasi zako zinasema sina akili timamu," Nevena alisema. "Zinasema nilionekana nikilia kwenye lango la shule. Nililia, Relja. Mwalimu aliniuliza jina la baba nikashindwa kulitamka. Huo ndio wendawazimu wangu."

"Na zako zinasema mimi ni mgeni kwa mwanangu. Kwamba ananijua kwa zawadi tu. Nilizisoma mpakani, ndani ya lori. Walinipigia honi nyuma, nikashindwa kuondoka."

"Aliandika wakili."

"Na zangu aliandika wakili."

"Lakini tulitia sahihi."

"Tulitia sahihi."

Walitazamana, na kwa dakika ile walikaribia kucheka, kama zamani walipovunja kitu cha Stamena wakawa wanakificha pamoja. Kicheko hakikufika. Relja alinyoosha kidole gumba akamfuta chozi, na Nevena hakurudi nyuma.

"Rudi," Relja alisema. "Sisemi kwa ajili ya kesi. Yule wa Linz aliisha zamani."

"Kwako aliisha."

"Hunipendi tena?"

"Nakupenda. Hilo ndilo linaloniua. Ningekuwa sikupendi ningerudi, nikae, nipike, nikufulie, kama wanawake wengi wanavyokaa. Mtu usiyempenda akikusaliti unaweza kuvumilia. Wewe siwezi. Kila ukichelewa dakika kumi nitakuwa nakufa. Na Lenka atakuwa ananiona nikifa."

Relja aliegemeza paji la uso wake kwenye paji la Nevena. Walisimama hivyo. Ndani ya nyumba mtu alianzisha wimbo wa mezani, wengine wakaitikia. Nevena ndiye aliyejitoa kwanza, na kujitoa kule kulimgharimu kuliko siku alipobeba masanduku.

"Unajua nilichokuwa nafikiria pale stoo?" Relja alisema. "Nilifikiria, nimweke. Kisha nikafikiria ile ngano. Mtoto anayelishwa chuki haamki gizani kumsagia baba yake ngano. Miezi yote hii mimi nasaini karatasi za kukuchafua, na wewe huko, kwenye kile chumba chako, umekuwa ukinisema vizuri."

"Sikukusema vizuri. Sikukusema kabisa."

"Inatosha. Wiki ijayo nitasimama mwenyewe. Nitamwambia hakimu kwa mdomo wangu, Lenka alelewe na mama yake. Mimi niachiwe Jumamosi zangu, na siku hii ya Malaika. Kila mwaka siku hii awe hapa. Sitaomba kingine."

"Na wakili wako?"

"Atakasirika. Akasirike."

"Na Vidosava?"

"Vidosava alinilea mgongoni mama alipokuwa shambani. Anadhani bado nalia njaa. Nitazungumza naye."

Nevena alikuwa amepewa kile alichoogopa kukipoteza, kwa mkono wa yule aliyemwogopa. Na hapohapo alielewa kwamba sasa hakuna tena cha kugombania. Hakutakuwa na simu za hasira, wala kesi, wala sababu ya kusikia sauti yake ikisema jina lake gizani. Alinyoosha mkono, hatimaye, akauweka sawa ule ukosi uliopinda. Taratibu, upande wa kushoto, kama alivyofanya kila Jumapili kwa miaka minane.

"Hivyo," alisema. "Sasa unaweza kupokea wageni."

*

Mzee Ratomir alikuwa anarudi Užice kabla giza halijaingia. Alisema basi la jioni halina maana na yeye ana viti vitupu. Alikuwa amekwisha kuwasha gari ili lipate joto, na kwenye kiti cha nyuma alitandika blanketi lake mwenyewe.

Vidosava alitoka na furushi. Alilisukuma mikononi mwa Nevena bila kumtazama.

"Nyama, kabichi, na keki za jozi. Huko mjini mnakula makaratasi. Na usinishukuru."

"Sikushukuru, wifi."

Vidosava alisimama hapo kidogo kama mtu aliyesahau kitu. Kisha akamvuta Nevena ukosi wa koti, akafunga kifungo cha juu kilichokuwa wazi, akarudi ndani haraka.

Relja alimbeba Lenka akiwa usingizini mpaka langoni. Zaidi ya hapo hakuweza kwenda. Mshumaa ulikuwa unawaka, na mwenye nyumba haachi nyumba yake siku hiyo. Alimlaza kwenye blanketi, akamfunika miguu. Mtoto alifumbua jicho moja.

"Baba, ngano imeisha?"

"Imeisha yote. Mzee Ratomir alikwangua bakuli."

"Mwakani nitatia sukari kidogo," alisema, akalala tena.

Relja alifunga mlango wa gari bila sauti. Alimtazama Nevena kupitia kioo. Midomo yake ilisogea, lakini hapohapo gari lingine liliingia langoni, watu wakashuka na chupa na maua, wakamwita kwa furaha, mwenye nyumba, heri ya sikukuu. Akageuka. Nevena alimwona akiyainua mabega yake, akitengeneza tabasamu, akiwabusu wale wageni mara tatu, mmoja baada ya mwingine, mpaka mgongo wake ukaingia mlangoni na hakuonekana tena.

Mzee Ratomir alikohoa. "Tuondoke, binti?"

"Tuondoke, mzee."

Gari lilikuwa limeanza kusogea alipoona Stamena anakuja. Alikuwa na viatu vya ndani, hana koti, anatembea kwenye changarawe ameshika kiuno. Mzee alikanyaga breki. Nevena aliteremsha kioo haraka.

"Mama, rudi ndani. Utaugua."

Stamena alishika ukingo wa kioo kwa vidole vyake vilivyopinda. Alipumua kwanza. Alimtazama mtoto aliyelala, akamtazama Nevena, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekata vitunguu kutwa nzima.

"Relja ameniambia," alisema. "Ni sawa. Mtoto ni wa mama yake, mimi sina neno. Hakimu atampangia siku za kuja kwetu, ataandika, kila mtu atajua." Alisita. "Lakini mimi na wewe, Nevena? Yeye alikuwa barabarani, sisi wawili tulikuwa humu. Wewe ndiye uliyenifunga mkono ulipovunjika. Mimi ndiye niliyemwogesha mwanao mara ya kwanza, wewe ukiogopa kumshika. Mimi na wewe nani atatupangia siku?"

Nevena aliweka mkono wake juu ya vidole vile. Vilikuwa baridi.

"Hakuna karatasi inayosema mimi ni nani kwako sasa," Stamena alisema. "Najua. Basi usije kama mkwe, wala usimlete mtoto kama si siku yake. Njoo hata siku Relja hayupo, akiwa huko na lori lake. Nitakuchemshia kahawa, tukae tu. Njoo unione tena, mwanangu. Utakuja?"